Shajara ya mradi: kufuatilia chenga katika picha za MRI zilizoharakishwa

Januari

Mradi wetu ni wa kusafisha chenga (vidoa vidoa vya kelele) katika picha za MRI zinazopigwa kwa muda mfupi kuliko kawaida, na tumekubaliana kuanza na goti. Data ghafi za goti zinapatikana kwa watafiti bila malipo: mkusanyo wa fastMRI, ulioanza kutolewa mwaka 2018 na NYU Langone ya New York kwa kushirikiana na watafiti wa akili bandia wa Facebook, una vipimo vya magoti vilivyochukuliwa kwa mashine za tesla 1.5 na tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na kila kipimo kimehifadhiwa kama kilivyotoka kwenye koili, yaani antena zinazopokea ishara ya mwili, kabla hakijageuzwa kuwa picha. Sababu nyingine iko hapa hapa Moshi. Wapagazi wanaoteremka na mizigo kuelekea lango la Mweka na lile la Marangu, pamoja na vijana wa bodaboda, ndio wagonjwa ambao daktari wa radiolojia anayetushauri huwataja kwanza anapoulizwa ni nani wanaomletea magoti. Zaidi ya hayo, ugonjwa wa goti mara nyingi ni kitu chembamba sana katika picha: meniskasi, yaani gegedu linalokaa kati ya mifupa ya goti, huonekana kama pembetatu nyeusi, na mchaniko wake ni mstari mweupe unaofika kwenye ukingo wa pembetatu hiyo. Mstari huo ndio unaotangulia kupotea picha inapolainishwa kupita kiasi, kwa hiyo goti ni mtihani mgumu na wa haki kwa kazi tunayotaka kuifanya.

Naliweka tatizo lenyewe hapa mwanzoni ili watakaojiunga nasi baadaye wasilazimike kulikisia. Mashine ya MRI haipigi picha kwa mkupuo mmoja kama kamera. Husoma kile kinachoitwa uwanja wa k, yaani jedwali la namba za mawimbi yanayounda picha, mstari mmoja baada ya mwingine, na picha hupatikana baadaye kwa mgeuzo wa Fourier, hesabu inayoyageuza mawimbi hayo kuwa picha. Muda ambao mgonjwa analala ndani ya mashine unafuata idadi ya mistari inayosomwa. Ukisoma robo ya mistari, muda unashuka hadi karibu robo. Kwa mgonjwa mwenye maumivu, kwa mtoto asiyeweza kutulia, na kwa hospitali yenye mashine moja na foleni ndefu, hilo ni jambo kubwa. Lakini gharama yake ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kwamba mistari inapokosekana, picha hujikunja juu yake yenyewe, na lazima ikunjuliwe kwa kutumia tofauti za kile ambacho kila koili imekipokea. Ya pili ni kelele: data zikipungua hadi robo, uwiano wa ishara na kelele hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 4, yaani 2, hata kama mikunjo yote itakunjuliwa bila dosari.

Kisha kazi ya kukunjua nayo huongeza kelele. Tangu Klaas Pruessmann na wenzake walipochapisha njia ya kukunjua iitwayo SENSE mwaka 1999, hasara hiyo hupimwa kwa kigezo g, ambacho hakishuki chini ya 1. Tuchukue sehemu ya katikati ya goti ambako kigezo hicho ni 1.5, na uharakishaji ni wa mara 4: uwiano uliokuwa 30 unabaki 10. Pembezoni, karibu na koili, ambako kigezo g kinaweza kuwa karibu na 1, uwiano huo huo unabaki karibu 15. Picha ni moja, lakini chenga zake ni za viwango tofauti, na programu ya kusafisha isiyojua hilo italainisha mno upande mmoja au itaacha chenga upande mwingine.

Ndiyo maana mradi huu hautafuti tu chujio jipya la kupitisha juu ya picha iliyokwisha kujengwa. Tunataka kelele ipimwe kule inakozaliwa, ifuatiliwe katika kila hatua ya ujenzi wa picha, na ndipo iondolewe kwa kiasi kinachostahili kila mahali. Na picha iliyosafishwa ikabidhiwe kwa daktari pamoja na ramani inayoonyesha ni wapi programu ilikuwa na uhakika na ni wapi haikuwa nao.

Februari

Upakuaji wa data unaendelea usiku, wakati bando ni nafuu na mtandao hauna msongamano. Ukubwa wake unaeleweka ukifanya hesabu ya mkato mmoja tu (picha ya tabaka moja la goti): koili 15, kila moja na namba 640 kwa 368, na kila namba ni namba changamano (yenye sehemu mbili, halisi na ya kufikirika) ya baiti 8, jumla inakaribia megabaiti 28. Kipimo cha goti moja lenye mikato 36 kinafika gigabaiti moja. Hatuhitaji mkusanyo wote kwa sasa. Tumechukua sehemu inayotosha kufundisha modeli ndogo, yaani mtandao wa neva bandia wa kusafisha picha, na tumetenga mapema magoti ya majaribio ambayo modeli haitayaona hadi mwisho.

Kabla ya kupima kelele tumechunguza mistari ya pembeni ya uwanja wa k, na uchunguzi huo ninausisitiza kwa yeyote atakayeanza kazi ya namna hii. Katika baadhi ya mafaili, mistari ya pembeni haikusomwa na mashine. Nafasi zake zimejazwa sifuri ili data zitimize umbo linalotakiwa. Mtu anayekadiria kelele kwa kuangalia pembe za uwanja wa k, ambako ishara ya mwili ni ndogo, akizijumuisha sifuri hizo, atapata kiwango cha chini kuliko ukweli, na kila hatua inayofuata itaurithi upungufu huo. Programu yetu sasa inaitambua mistari yenye sifuri tupu na kuiacha nje kabla ya hesabu yoyote.

Kuna mtego mwingine kwa wanaopima kelele kwenye picha badala ya data ghafi. Kelele katika kila koili ni namba changamano zenye mtawanyo wa Gauss, lakini picha anayoiona daktari ni ukubwa wa namba hizo, na ukubwa hauwezi kuwa hasi. Hákon Gudbjartsson na Samuel Patz walieleza mwaka 1995 jinsi jambo hilo linavyobadilisha hesabu: katika sehemu nyeusi ya picha ya koili moja, pasipo na mwili, mkengeuko sanifu (kipimo cha kutawanyika kwa namba) unaopimwa ni karibu 0.655 tu ya ule wa kweli, na wastani, ambao ungetarajiwa kuwa sifuri, unapanda hadi karibu mara 1.25 ya mkengeuko huo wa kweli. Koili zikiwa 15 na zikiunganishwa kwa kujumlisha vipeo vya pili, hali inazidi kuwa ngumu. Katika mradi huu hakuna kelele inayopimwa kwenye picha ya ukubwa. Inapimwa kwenye namba changamano, kwa kutumia thamani ya kati (median) ya umbali kutoka kwenye thamani ya kati, ikigawanywa kwa 0.6745, kwa sababu kipimo hicho hakiyumbishwi na pikseli chache zenye ishara kali.

Machi

Mvua za masika zimeanza na umeme unakatika mara kwa mara. Betri ya akiba inatosha kuizima kompyuta kwa utaratibu, haitoshi kuendelea na kazi, kwa hiyo kila programu ndefu sasa inahifadhi ilipofikia kila baada ya muda mfupi na kuendelea pale pale umeme unaporudi.

Kazi ya mwezi huu imekuwa kelele za koili kwa pamoja. Koili 15 zilizolizunguka goti moja hazisikii kelele 15 zisizohusiana. Zinapakana, zinaathiriana, na zote zinapokea kelele ya joto ya mwili ule ule, kama majirani wanaosikia ngoma moja, kila mmoja kwa nguvu yake. Uhusiano huo huandikwa kwenye matriki ya kovariansi, yaani jedwali linaloonyesha jinsi kelele za koili zinavyokwenda pamoja, lenye safu 15 na safuwima 15. Tumeikadiria matriki hiyo kutoka sehemu za data zisizo na ishara, tukaigawa kwa njia ya Cholesky, kisha tukatumia kinyume cha mgawo huo kuzibadilisha data za koili ziwe na kelele zenye nguvu sawa na zisizohusiana. Hatua hii ni ya mistari michache ya programu na watu wengi huiruka. Tumelinganisha picha za SENSE zilizojengwa nayo na zile zilizojengwa bila hiyo, na katika magoti ambayo koili moja ilikuwa na kelele kubwa kuliko wenzake, chenga za katikati zilipungua waziwazi kwa macho, kabla hata ya kufikiria kusafisha chochote. Ni faida isiyogharimu undani wowote wa picha, na ninaona ni kosa kuanza na mitandao ya neva bandia kabla ya kuichukua.

Ramani za usikivu wa koili tunazipata kwa ESPIRiT, njia iliyochapishwa na Martin Uecker na wenzake mwaka 2014, inayozikadiria kutoka mistari ya katikati ya uwanja wa k ambayo husomwa yote hata kipimo kinapoharakishwa. Katika utaratibu wa fastMRI, mistari hiyo ya katikati ni asilimia 8 ya mistari yote kwa uharakishaji wa mara 4, na asilimia 4 kwa mara 8.

Sasa tunaweza kuifuatilia kelele. Kwa SENSE yenyewe kuna fomula ya moja kwa moja, lakini tumechagua njia ya nakala bandia iliyoelezwa na Philip Robson na wenzake mwaka 2008, kwa kuwa inafanya kazi kwa ujenzi wowote wa mstari (ambao kila namba ya picha ni jumla yenye uzito ya data), ikiwemo GRAPPA, njia nyingine ya kujaza mistari iliyokosekana. Unachukua data zilezile, unaziongezea kelele ya kubuni yenye kovariansi uliyoipima, unajenga picha, unarudia tena na tena, kisha kwa kila pikseli unapima jinsi thamani zake zinavyotawanyika. Matokeo ni ramani ya chenga yenye umbo lake mahsusi: mabaka angavu katikati ya goti, pale mikunjo mingi inapokutana, na ukingo mtulivu karibu na ngozi. Nimeibandika ramani ya goti la kwanza ukutani, kwa kuwa kila uamuzi unaofuata unatoka humo.

Aprili

Tumepita kwenye njia ya viwimbi (wavelets, vipande vidogo vya mawimbi vinavyoijenga picha) kwa muda mfupi, kama kipimo cha kulinganisha. Michael Lustig, David Donoho na John Pauly walionyesha mwaka 2007 kwamba mistari ikichaguliwa kwa bahati nasibu badala ya kwa nafasi sawa, mikunjo hugeuka kuwa kitu kinachofanana na chenga, na picha halisi inaweza kutolewa ndani yake kwa kuwa picha za mwili huelezeka kwa viwimbi vichache vikubwa. Inafanya kazi, na haihitaji kufundishwa kwa data za mtu yeyote.

Jambo moja katika njia hii linatuhusu moja kwa moja. Programu inapopunguza viwimbi vidogo, inashughulika na vitu viwili ambavyo machoni pake havina tofauti: masalia ya mikunjo na kelele ya joto. Masalia ya mikunjo yanaweza kutatuliwa kwa kurudi kwenye data, kwa sababu data zilizosomwa zinayapinga. Kelele ya joto imo ndani ya data zenyewe, kwa hiyo kila unapoilazimisha picha ikubaliane na data kikamilifu, unairudisha. Mtu akiongeza nguvu ya kupunguza ili kuondoa chenga, gegedu huanza kuonekana kama limepakwa rangi, na akiipunguza, chenga zinarudi. Tulipokiweka kiwango cha kupunguza kifuate ramani ya Machi badala ya kuwa namba moja kwa picha nzima, katikati ya goti palitulia na pembezoni pakabaki na ukali wake. Hiyo ndiyo sababu ya kuendelea.

Mei

Mwezi huu ni wa modeli, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo maswali ya wenzetu yanapotoka.

Modeli tunayoitumia ni ya aina inayopishanisha hatua mbili: mtandao mdogo unarekebisha picha, kisha hatua ya ulinganifu inairudisha picha karibu na data zilizosomwa, halafu mtandao tena, na kuendelea. Kerstin Hammernik na wenzake walichapisha modeli ya namna hii mwaka 2018, na E2E VarNet iliyofuata mwaka 2020 ikawa kipimo ambacho wengi hujilinganisha nacho. Yenyewe ina hatua 12. Kadi yetu ya michoro haina kumbukumbu ya kuzibeba zote pamoja na koili 15, kwa hiyo tumepunguza hatua, na tunakubali kwamba picha zetu zitakuwa nyuma kidogo ya zile za maabara kubwa. Swali letu halihitaji modeli bora duniani. Linahitaji modeli ambayo tabia yake tunaielewa.

Ugumu unaanza na kile ambacho modeli inafundishwa kukiiga. Picha kamili za fastMRI, zile zilizojengwa kwa mistari yote, huitwa picha za kweli, ilhali nazo zina chenga, na zile ambazo ishara ya mafuta ya mwilini imezimwa zina chenga nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ishara imeondoka pamoja na mafuta. Jaakko Lehtinen na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba modeli inaweza kujifunza kusafisha kwa kutazama picha zenye chenga tu: ikiwa kelele ya lengo haihusiani na kelele ya pembejeo (data zinazoingizwa kwenye modeli), na ikiwa makosa yanapimwa kwa kipeo cha pili, basi jibu bora ambalo modeli inaweza kulifikia ni wastani wa picha safi. Watu wengi huchukulia kwamba hoja hiyo inafaa hapa bila marekebisho. Haifai. Katika kazi yetu pembejeo ni sehemu ya lengo lenyewe: mistari iliyosomwa ipo pande zote mbili, pamoja na kelele yake ile ile. Kwenye mistari ambayo haikusomwa, kelele ya lengo ni ngeni kwa modeli, kwa hiyo modeli haiwezi kuiiga na inajifunza wastani safi. Kwenye mistari iliyosomwa, njia rahisi ya kupata alama nzuri ni kuinakili kelele neno kwa neno. Matokeo yake ni picha iliyosafishwa nusu, na nusu hiyo haionekani kwa macho kama nusu; inaonekana kama chenga zenye mpangilio wa ajabu, kwa sababu zimetoka kwenye baadhi ya mistari tu.

Dawa tuliyoichagua inafuata wazo la Noisier2Noise la mwaka 2020, ambalo Charles Millard na Mark Chiew waliliunganisha na data za MRI zilizosomwa pungufu. Kwenye mistari iliyosomwa tunaongeza kelele nyingine ya kubuni, huru, yenye nguvu sawa na ile tuliyoipima, kisha modeli inafundishwa kutoa data za awali. Modeli haina njia ya kutofautisha kelele ya asili na ile tuliyoiongeza, kwa kuwa zina nguvu moja na mtawanyo mmoja. Kwa hiyo jibu lake bora linakuwa limeondoa nusu tu ya kelele yote, kwa wastani. Nusu iliyobaki ina ukubwa sawa na ile iliyoondolewa, kwa hiyo inatosha kuondoa kiasi kile kile mara ya pili: makadirio ya data safi ni mara mbili ya jibu la modeli, ukitoa data zilizoingizwa. Kwenye mistari ambayo haikusomwa, jibu la modeli linabaki kama lilivyo. Hesabu nzima inaingia kwenye mstari mmoja wa programu.

Kelele ya ziada ina gharama, kwa maana modeli inaitazama picha mbaya kuliko ile tuliyo nayo. Mtu anaweza kufikiria kuongeza kelele ndogo zaidi, tuseme nusu ya mkengeuko sanifu wa asili. Lakini hapo kanuni inageuka kuwa mara 5 ya jibu la modeli, ukitoa mara 4 ya pembejeo, na kosa lolote la modeli linazidishwa kwa 5 badala ya 2. Kwa modeli ndogo kama yetu, ambayo makosa yake si madogo, nguvu sawa ndiyo chaguo la busara, na majaribio yamelithibitisha: kwa kelele ndogo, kingo za mifupa zilianza kuwa na vivuli.

Lazima pia niandike kuhusu hatua ya ulinganifu. Baadhi ya programu huirudisha mistari iliyosomwa ndani ya picha kama ilivyo mwishoni mwa kila hatua. Kwa data zisizo na kelele ni jambo la maana. Kwa data zetu ni kuirudisha kelele kwa mlango wa nyuma baada ya kuitoa, kwa hiyo tumetumia ulinganifu wenye uzito, ambao uzito wake unapungua kadiri kelele iliyopimwa inavyokuwa kubwa. Uzito huo unatoka kwenye vipimo vya Februari na Machi. Haukuachiwa modeli iuchague yenyewe.

Ramani ya chenga inaingia kwenye mtandao pamoja na picha, kama tabaka la ziada. Mabadiliko tuliyoyaona baada ya kuiingiza ni makubwa kuliko mabadiliko yoyote tuliyoyafanya kwenye umbo la mtandao, na hilo limenipa moyo sana.

Juni

Tumekwenda kwa daktari na picha. Hatukutaka kutegemea namba ya SSIM, inayopima mfanano wa picha mbili, peke yake, kwa sababu mbili. Namba hiyo hulinganisha picha yetu na picha ya rejea yenye chenga, kwa hiyo picha iliyosafishwa vizuri inaweza kuadhibiwa kwa kukosa chenga za rejea. Tena, mstari wa mchaniko unachukua pikseli chache sana, na kupotea kwake hakutikisi wastani wa picha nzima. Kwa bahati nzuri kuna fastMRI+, nyongeza ambamo madaktari wa radiolojia wameweka visanduku juu ya magonjwa wanayoyaona katika magoti haya haya. Tumepima ndani ya visanduku vya meniskasi: tofauti kati ya mwangaza wa mstari na weusi wa meniskasi, ikigawanywa kwa kiwango cha chenga kinachotolewa na ramani mahali hapo.

Daktari alizisoma picha bila kujua ipi imetoka wapi. Mkato mmoja ulituchukulia muda mrefu. Ulikuwa ni goti lenye kisanduku kwenye pembe ya nyuma ya meniskasi ya ndani, mafuta yamezimwa, uharakishaji wa mara 4. Katika picha ya SENSE chenga zilikuwa kubwa lakini mstari ulikuwepo, umekatika katika vipande viwili. Katika picha iliyosafishwa kwa kiwango kimoja kila mahali, pembetatu ilikuwa nyeusi, laini, na nzima. Katika ya kwetu mstari ulionekana wote, hafifu.

“Shikamoo, Daktari,” nilimsalimu tena aliporudi kwenye skrini baada ya simu, nikamwonyesha ile ya pili. “Hii unaionaje?”

“Marahaba, mwanangu. Hii ingenifanya niandike kwamba meniskasi ni nzima. Ile yenye chenga ingenifanya niandike kwamba nina shaka, na mgonjwa angerudi. Mnielewe vizuri: mimi nikiwa na shaka, mgonjwa ana nafasi. Picha ikiniondolea shaka ambayo ilikuwa ya haki, mgonjwa hana tena.”

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa ndiyo kipimo ambacho hatukuwa nacho kwenye orodha yetu. Tulimwonyesha kisha ramani ya chenga kando ya picha yetu. Aliomba rangi ziondolewe, kwa sababu rangi nyekundu karibu na gegedu inamvuta jicho kama vile kuna uvimbe, na aliomba ramani ije kwa kijivu, kwa ukubwa ule ule wa picha, ikifunguka pale tu anapobonyeza. Mtaalamu wa radiografia aliyekuwa naye, kaka mmoja mwenye uzoefu mkubwa wa kuwalaza wagonjwa, akaongeza kwamba ramani hiyo ingemsaidia yeye pia: akiona katikati ya goti pana chenga kupita kiasi wakati mgonjwa bado yuko mezani, anaweza kurudia mfululizo mmoja tu badala ya kumrudisha mgonjwa siku nyingine kutoka Same au Rombo. Matumizi hayo hatukuwa tumeyafikiria, na yamebadilisha mpango: ramani sasa lazima ijengwe haraka, kabla ya mgonjwa kushuka.

Julai

Njia ya nakala bandia ni ya polepole mno kwa matumizi hayo. Kwa SENSE tunarudi kwenye fomula ya moja kwa moja, ambayo inatoa kigezo g kwa kila pikseli mara ramani za usikivu zinapopatikana. Kwa modeli yetu, ambayo si ya mstari, nakala bandia zenyewe ni makadirio tu: zinaonyesha jinsi jibu linavyotikisika kwa kelele ndogo kuizunguka picha hiyo, na hazisemi lolote kuhusu kitu ambacho modeli imekificha kwa uthabiti katika kila nakala. Kwa hiyo ramani tunayompa daktari itatoka kwenye ujenzi wa mstari, na picha ya SENSE isiyosafishwa itakuwa karibu yake wakati wote, kwa kubonyeza mara moja.

Tumejaribu pia uharakishaji wa mara 8, kisha tumeuacha. Vegard Antun na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba mitandao ya kujenga picha inaweza kuyumbishwa na mabadiliko madogo mno ya data, na katika shindano la fastMRI la mwaka huo huo, lililohusu picha za ubongo, waandaaji waliripoti picha zenye maumbo ambayo hayakuwepo. Katika magoti yetu ya mara 8 tumeona jambo la jamii hiyo: kano iliyokuwa na ukingo uliochakaa katika picha kamili ilitoka na ukingo safi, ulionyooka, katika picha ya modeli, na ramani ya SENSE ya mahali hapo ilikuwa angavu kiasi kwamba hakuna taarifa ya kutosha ya kuujenga ukingo wowote. Modeli iliujaza kutokana na magoti mengine iliyoyaona.

Kwa mwezi ujao programu itawekewa kizuizi: pale ramani inapovuka kiwango ambacho daktari atakichagua yeye mwenyewe kwa kusoma mikato ya majaribio, modeli haitaruhusiwa kuongeza usafishaji, na pikseli za SENSE zitabaki na chenga zake. Mikato hiyo imekwisha kuandaliwa kwa mafungu mawili, yenye mafuta yaliyozimwa na yasiyozimwa, kwa sababu viwango vyake vya chenga havifanani na hakuna sababu ya kutegemea kwamba kizuizi kimoja kitafaa yote mawili.